Jinsi ya kutoka hai ndege ikipata ajali: mwongozo kamili kwa abiria

Nilifanya kazi ya uhudumu ndani ya ndege kwa miaka kumi na moja, na mpaka leo naulizwa swali lilelile: "Hivi ndege ikianguka, si ndiyo basi tena?" Wanaouliza hivyo ndio walewale wasiosikiliza maelekezo ya usalama, maana wameshajiamulia kwamba hayatawafaa kitu. Hapo ndipo abiria wengi wanapofeli, tena kabla ndege haijawasha injini.

Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani iliwahi kupitia ajali 568 za ndege za abiria za nchi hiyo, kuanzia mwaka 1983 hadi 2000. Watu zaidi ya 53,000 walikuwemo, na zaidi ya asilimia 95 walitoka hai. Hata katika zile ajali mbaya, zenye moto na ndege kuharibika vibaya, waliopona walikuwa zaidi ya nusu.

Sitakudanganya: ndege ikigonga mlima kwa kasi yake yote, abiria hana la kufanya. Lakini ajali nyingi hutokea wakati wa kupaa au kutua, na mtu anaweza kupona kishindo chenyewe kisha akafa kwa moshi, moto au maji akiwa bado anahangaika na mkanda. Mwongozo huu ni wa muda huo mfupi, na maandalizi yake yanaanzia nyumbani.

## Vitu vya kuwa navyo

- Viatu vya kufunga, visivyo na kisigino kirefu. Raba zinatosha.
- Nguo za pamba zinazofunika mikono na miguu.
- Leso au kipande cha kanga, na chupa ndogo ya maji utakayonunua baada ya ukaguzi.
- Kipochi cha kuvaa shingoni au kiunoni, chenye pasipoti, simu, fedha kidogo na dawa unazotumia kila siku.
- Pawabenki ndani ya mkoba wa mkononi, kamwe isiwe kwenye sanduku linaloingia tumbo la ndege.
- Kama una mtoto mdogo: kiti chake kilichokubaliwa kutumika ndani ya ndege, ikiwa uwezo upo.

Usikipuuze hicho kipochi. Watu hurudia mabegi kwa sababu pasipoti imo humo. Ukiivaa mwilini, umeshajiondolea kishawishi.

## Hatua ya 1: Kukata tiketi na kuchagua kiti

Safari ya moja kwa moja ikipatikana, ichukue hata kama bei imezidi kidogo. Kila kituo cha katikati kinakuongezea kupaa na kutua, na hapo ndipo penye hatari.

Kuhusu kiti, watu hubishana: mbele au nyuma? Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam iliingia Ziwa Victoria karibu kabisa na uwanja wa Bukoba. Ilitangulia kwa pua na mkia ukabaki juu ya maji, kwa hiyo waliokaa nyuma ndio waliopata nafasi ya kutoka. Ndege nyingine ikitangulia kugonga kwa mkia, mambo hugeuka. Hakuna kiti ninachoweza kukuapia kwamba ni salama.

Tafuta basi kiti kilicho karibu na mlango, usizidi safu tano, na ikiwezekana kiwe upande wa njia ya katikati. Kiti cha mlango wa dharura kina nafasi nzuri ya miguu, lakini kina kazi yake: ni wewe utakayeufungua. Kama ni mjamzito, una mtoto, mkono unauma au hujiamini, mwambie mhudumu akuhamishe. Si aibu.

Wenye familia, hakikisheni mnakaa pamoja, hata kwa kulipia. Mzazi aliyetenganishwa na mtoto wake atarudi kumtafuta, na atakuwa anapita kinyume na watu wote.

## Hatua ya 2: Kuvaa

Nailoni na poliesta huyeyuka kwa moto na kunata kwenye ngozi. Pamba huungua pia, lakini hainati hivyo. Anayevaa baibui avae suruali ya pamba ndani yake, na pindo lisiburute sakafuni, kwa sababu mtu wa nyuma atalikanyaga.

Kandambili na visigino ni tatizo. Kandambili huvuka mguuni ndege inapogonga, na ukitoka unakanyaga vyuma na vioo. Kisigino chembamba hutoboa mtelezo wa mpira, ule unaojaa hewa na kushuka kutoka mlangoni hadi chini. Ukitoboka, wanaokufuata wamekosa njia.

## Hatua ya 3: Dakika tano za kwanza kitini

Hapa ndipo nataka ukae nami kidogo. Ukizifanya vizuri dakika hizi tano, umeshamaliza sehemu kubwa ya kazi.

Mkanda. Katika safari moja ya Unguja kwenda Muscat, mzee mmoja mwenye kanzu aliniita ndege ikiwa imeshasimama. Watu wote walikuwa wamesimama, yeye bado amefungwa. Kidole gumba chake kilikuwa kinabonyeza pembeni mwa chuma, kinabonyeza tena, kinabonyeza tena.

"Mwanangu, kidude hiki kimekwama."

"Shikamoo babu. Hakibonyezwi. Funua hiki kifuniko juu, namna hii."

Mkanda ukafunguka kwa mguso mmoja. Mzee wa watu alikuwa amezoea gari la mwanawe. Sasa fikiria kosa hilohilo gizani, huku moshi unashuka. Mtu akiogopa, mkono unarudia ulichozoea, na wengi tumezoea kubonyeza kitufe karibu na nyonga. Mkanda wa ndege hufunguliwa katikati ya tumbo kwa kuinua kifuniko.

Ufunge na uufungue mara tatu, mara ya mwisho ukiwa umefumba macho. Kisha uukaze chini ya kitovu, kwenye mifupa ya nyonga. Ukikaa juu ya tumbo utaumiza utumbo. Mjamzito aupitishe chini ya mimba.

Milango. Hesabu viti kutoka ulipo hadi mlango ulio karibu, kisha hesabu hadi mlango wa pili upande mwingine. Usikadirie kwa macho. Sema kwa sauti ndogo: "Mbele viti sita, nyuma viti tisa." Kwenye moshi mzito huoni mkono wako mwenyewe, na kitakachokufikisha ni vidole vinavyogusa migongo ya viti kimoja kimoja.

Kwa nini milango miwili? Januari 2, 2024, ndege kubwa ya Japan Airlines iligongana na ndege ya walinzi wa pwani kwenye uwanja wa Haneda, Tokyo, ikawaka moto. Watu wote 379 waliokuwemo walitoka hai, ingawa milango iliyotumika ilikuwa 3 tu kati ya 8. Ulio karibu nawe unaweza kuwa ndio wenye moto nje.

Kwenye ndege za ATR, kama ile ya Bukoba, kumbuka pia kwamba mlango mnaopandia uko mkiani, na milango ya dharura iko mbele ya chumba cha abiria. Anayejua ule aliopandia tu amejua nusu.

Jaketi okozi. Ingiza mkono chini ya kiti uuguse mfuko wake. Usilitoe, gusa tu. Baadhi ya ndege huliweka pembeni mwa kiti au juu ya kichwa, na kadi iliyo mfukoni mwa kiti cha mbele itakuonyesha.

Ndege ndogo. Zile za kwenda Mafia, Mara au Pemba mara nyingi hazina mhudumu, na rubani ndiye anayetoa maelekezo. Msikilize, na muulize mlango unafunguliwaje kwa ndani. Wakikupima uzito pamoja na mzigo, sema ukweli, usifiche begi la tatu. Na usipite kamwe mbele ya pangaboi la injini, hata kama limesimama.

Utajua umefaulu hatua hii ukiweza, macho yamefumbwa, kufungua mkanda, kutaja namba mbili za viti na kugusa jaketi. Ukikosea moja, rudia kabla ndege haijaanza kutembea.

## Hatua ya 4: Dakika 3 za kwanza na 8 za mwisho

Wahudumu hufundishwa kuwa macho zaidi katika dakika tatu baada ya kupaa na dakika nane kabla ya kutua. Fanya kama wao: viatu mguuni, mkanda umekazwa, viziba masikio vimetolewa, dirisha liko wazi, mkoba umesukumwa chini ya kiti cha mbele. Usilale. Pombe na dawa za usingizi zinakupunguzia sekunde ambazo huna.

Dirisha huachwa wazi ili macho yazoee mwanga wa nje, na ili uone kama kuna moto upande wako.

## Hatua ya 5: Mkiwa angani

Mkanda usiufungue hata taa yake ikizimwa. Ulegeze kidogo, basi. Mei 21, 2024, ndege ya Singapore Airlines iliyotoka London ilikumbwa na msukosuko wa hewa ghafla. Abiria mmoja alifariki, wengi wakajeruhiwa, na ndege ikalazimika kutua Bangkok.

Barakoa za oksijeni zikidondoka, vuta yako kwa nguvu hadi usoni, maana kule kuivuta ndiko kunakofungulia hewa. Mfuko wake usipotuna, usiogope, hewa inapita. Vaa yako kwanza, kisha mvalishe mtoto. Najua kina mama hili linawachoma. Lakini kwenye kimo cha futi 35,000, akili hubaki timamu kwa sekunde 30 hadi 60 tu. Ukianza na mtoto, akapapatika, unaweza kuzimia wewe, na yeye hawezi kukuvalisha.

Pawabenki ikae mahali unapoiona, si kwenye kabati la juu. Mashirika mengi huruhusu hadi saa-wati (Wh) 100 bila kibali. Kukokotoa ni rahisi: zidisha milliampea-saa (zile mAh zilizoandikwa juu yake) kwa 3.7, gawanya kwa 1,000. Ile ya 20,000 inakupa 74, inaruhusiwa. Ikivimba, ikipata joto kali au ikitoa harufu, mwite mhudumu papo hapo. Simu ikidumbukia katikati ya kiti, usikirudishe kiti nyuma kuitafuta, kwa sababu chuma kitaibana na betri inaweza kuwaka.

## Hatua ya 6: Kujikunja

Ukiwa na muda, rubani atatangaza. Muda usipokuwepo, utasikia wahudumu wakipaza sauti kwa Kiingereza: "Brace! Brace!" Maana yake jikunje ujikinge, na fanya hivi:

1. Kaza mkanda mpaka ushindwe kuukaza zaidi.
2. Nyayo zote ziwe sakafuni, zimerudi nyuma kidogo ya magoti. Miguu iliyonyooshwa mbele hujigonga chini ya kiti na kuvunjika, na mguu ukivunjika hutembei.
3. Inama, paji la uso liegemee kiti cha mbele. Kikiwa mbali, lalia mapaja yako.
4. Viganja juu ya kisogo, kimoja juu ya kingine, vidole visifumane. La sivyo, shika miundi.

Mtoto wa kupakatwa asifungwe ndani ya mkanda wako, kwani uzito wako utamkandamiza. Omba mkanda wake mdogo kwa mhudumu mapema.

Onyo: kishindo cha kwanza mara nyingi si cha mwisho. Ndege hudunda, huburuta, hugonga tena. Baki umejikunja hadi isimame kabisa. Ukisikia utulivu na mkanda bado uko kiunoni, umefanya sawasawa.

## Hatua ya 7: Kutoka

Ndege kubwa haipewi kibali kabla mtengenezaji hajaonyesha kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, wakitumia nusu tu ya milango. Iweke hesabu hiyo kichwani.

Sikiliza mhudumu kwanza. Yeye anaangalia nje kama kuna moto na kama injini zimezimwa. Akisema kaeni, kaa. Akisema tokeni, toka. Asiposikika, au ameumia, na moshi unaingia, anza mwenyewe.

Acha begi. Agosti 22, 1985, huko Manchester, Uingereza, ndege iliwaka moto ikiwa bado ardhini, haikuwahi hata kupaa. Watu 55 walifariki, wengi wao kwa moshi. Njia ya katikati ni nyembamba kama ukumbi wa nyumba ya kupanga, na mtu mmoja anayeshusha sanduku anaisimamisha foleni yote ya nyuma yake. Kule Haneda mabegi yaliachwa, na hilo ni mojawapo ya mambo yaliyowaokoa.

Moshi ukiwepo, lowesha leso, ziba pua na mdomo, inama kichwa kiwe usawa wa viti. Usitambae kwa tumbo, utakanyagwa. Gusa viti ukihesabu namba yako. Sakafuni kuna taa au mistari inayong'aa inayoelekea milangoni.

Kabla ya kufungua mlango wowote, chungulia kwenye dirisha lake. Ukiona moto, geuka uende kwenye ile namba yako ya pili.

Kwenye mtelezo, usikae kwanza ndipo uteremke. Ruka ukiwa umekunja mikono kifuani, makalio yatangulie. Baibui au gauni likusanye kwa mkono mmoja. Mtoto mdogo mkumbatie kifuani.

Wazazi mgawane kazi toka mapema: baba anamchukua huyu, mama anamchukua yule, na kila mmoja anatoka bila kurudi nyuma.

## Hatua ya 8: Ndege ikiingia majini

Sisi tunaoruka juu ya Ziwa Victoria, Tanganyika na Bahari ya Hindi, hatua hii ni yetu hasa.

Jaketi livae, lakini usilijaze hewa ukiwa ndani. Narudia, maana hili limeua watu. Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopia iliyotekwa iliishiwa mafuta na kuanguka baharini kando ya Ngazidja, Komoro. Watu 175 walikuwemo, 125 walifariki. Wengi walikuwa wamejaza majaketi yao mapema. Maji yalipoingia, yaliwanyanyua hadi kwenye dari, wakashindwa kuzama chini kidogo ili kuufikia mlango.

Fuata mpango huu: vaa, funga kamba kiunoni, fika mlangoni, vuta kile kikamba ukiwa unatoka. Jaketi lisipojaa, puliza kwa mdomo kwenye mrija wake. Hata asiyejua kuogelea, jaketi litambeba.

Ndege ndogo ikipinduka majini, usifungue mkanda kwanza. Shika fremu ya mlango au dirisha kwa mkono mmoja, subiri mzunguko uishe, ndipo ufungue mkanda kwa mkono wa pili, ujivute kuelekea ulikoshika. Anayefungua mkanda kwanza huelea ovyo na hajui tena juu ni wapi. Ule mkono ulioshika fremu ndio dira yako.

Kule Bukoba, watu 24 walipona kati ya 43. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi, na mmoja wao, Majaliwa Jackson, alieleza kwamba alitumia kasia kuufungua mlango wa nyuma. Kwa hiyo ukiwa ndani ukasikia watu wanagonga nje, jibu kwa kugonga, wajue pa kufungua.

Ukiwa majini tayari, kaeni pamoja, mshikane mikono, watoto katikati. Kuogelea peke yako kuelekea ufukweni kunachosha kuliko unavyodhani, na kundi huonekana kwa mbali.

## Hatua ya 9: Nje ya ndege

Nenda mbali, mita 100 au zaidi, upande unakotoka upepo ili moshi usikufuate. Jihadhari na pangaboi na magari ya zimamoto yanayokuja kasi. Usirudi kwa ajili ya chochote. Aliyebaki ndani, waambie waokoaji kiti chake kilikuwa wapi.

Ikiwa mmeangukia porini na hakuna moto tena, msitawanyike. Bawa na mkia wa ndege huonekana kutoka angani kuliko mtu anayetembea chini ya miti. Zuieni damu kwa kukandamiza kwa kitambaa, anayelalamika shingo au mgongo msimsogeze bila lazima, na maji mliyonayo yagawiwe kuanzia watoto na majeruhi.

Jihesabuni kwa majina, kisha mkubali kupelekwa hospitali nyote, hata asiyeumia. Moshi uliovutwa unaweza kuanza kubana kifua baada ya saa kadhaa, mtu akiwa ameshafika nyumbani na kupokewa na ndugu. Mwambie daktari wazi: "Nilivuta moshi, kwa muda kama huu," na usiondoke mpaka amekusikiliza kifua.